Nyumba ya Kale na Wenyeji Wake
Somo kwa watengenezao nyumba kuukuu katika nchi ya chai

Asafiriye kutoka Kericho kwenda Sotik na Bomet hakosi kuziona nyumba hizi. Husimama mbali na barabara, nyuma ya miti mirefu iliyopandwa na watu waliokwisha kufa: paa la mabati lililokuwa jekundu zamani, dohani ya mawe, baraza pana upande wa mbele, na madirisha ya vioo vidogo vidogo ambavyo nusu yake vimevunjika. Nyingine ni mali ya makampuni ya chai, nazo hutunzwa. Nyingine zimo katika mashamba ya watu wa kawaida, na ndani yake hulala magunia ya mahindi, majembe, na kuku wanaotamia. Siku hizi wako watu wanaozitengeneza ili wakae humo wenyewe au wapangishe wageni. Jambo hilo ni jema, maana nyumba iliyojengwa kwa mawe na mbao za mtarakwa haistahili kuachwa ianguke. Walakini atakaye kuitengeneza hana budi kufahamu kwamba nyumba iliyofungwa miaka ishirini haikukaa tupu. Ina wenyeji wake, wenye mabawa, wenye miguu minne, na wasio na miguu kabisa. Somo letu la leo ni juu ya wenyeji hao, na jinsi ya kutengeneza paa, kuta na sakafu bila kuwadhulumu wala kudhuriwa nao.

Kwanza yafaa tujue nyumba zenyewe zilitoka wapi. Nchi hii ilikuwa ya Wakipsigis. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Waingereza ilikata ekari 25,000 karibu na Kericho, ikawapa maofisa walioumia vitani wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka upesi na mpango ule ukafa. Ndipo katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoingia na kupanda chai kwa wingi. Upande wa Sotik walikaa walowezi wenye mashamba yao, na mashamba mengi ya huko yalinunuliwa na Wakipsigis katika miaka ya 1960, wakati wa uhuru. Jinsi ardhi hiyo ilivyochukuliwa hapo kwanza, na jinsi watu wa ukoo wa Talai walivyohamishwa kwa nguvu kwenda Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934, ni habari kubwa inayostahili somo lake peke yake. Hapa natosheka kusema kwamba wako wazee wasioitazama nyumba ya mlowezi kwa furaha, na mwenye kuifungua upya afanye adabu ya kuwaendea kabla hajajenga ua.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mjomba wangu alirithi nyumba moja ya namna hiyo upande wa Sotik. Babu aliipata pamoja na shamba, akakaa humo miaka michache, kisha akahamia nyumba ndogo aliyoijenga karibu na zizi, kwa kuwa ile kubwa, alisema, ilikuwa na baridi nyingi na makelele usiku. Ikawa ghala. Miaka kadhaa iliyopita mjomba aliniita nimsaidie kuitengeneza, nami nikaenda nikiwa na haraka ya kijana aliyepewa kazi na wakubwa.

Nilianza na dohani. Kila jioni, jua likishatua, ilitoka humo sauti kama ya mtu akoromaye, au avutaye pumzi kwa shida. Vibarua wawili walikuwa wamekwisha kukataa kulala pale. Basi nilipanda juu ya paa, nikafunika mdomo wa dohani kwa kipande cha bati, nikakikaza kwa waya, nikateremka nikijisifu. Sauti iliendelea usiku tatu, ikidhoofika, kisha ikakoma. Siku ya kumi nyumba nzima ilikuwa ikinuka. Tulipotoa matofali ya mahali pa kuwashia moto tulikuta makinda manne ya bundi, yamekufa, yamelaliana katika kona. Yale makoromo yalikuwa ni kilio chao cha kuomba chakula.

Hasara haikuishia hapo. Katika chumba cha nyuma yalikuwamo magunia kumi na mawili ya mahindi, na mawili kati yake yalikuwa ya mbegu iliyochaguliwa gunzi kwa gunzi na mke wa mjomba. Katika muda wa miezi minne panya walikuwa wameyatoboa yote. Mbegu ilikwisha, na msimu ule ikambidi mama yule akanunue dukani kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ada ya shule. Mjomba hakunigombeza. Alinionyesha magunia, akasema, "Mpwa wangu, tulikuwa na mlinzi asiyedai mshahara."

BUNDI WA DARINI

Bundi akaaye katika madari na madohani ni yule mwenye kifua cheupe, ambaye uso wake una umbo la kopa katika karata. Jike hutaga mayai manne hadi saba, huyatamia muda wa mwezi mmoja hivi, na makinda hukaa humo karibu miezi miwili kabla ya kuruka. Kwa hiyo, mtu akisikia yale makoromo, hana la kufanya ila kungoja: kwa wingi, wiki nane au tisa. Hii si ngoja ya milele. Katika muda huo fundi aweza kufanya kazi upande mwingine wa nyumba.

Chakula chake kikubwa ni panya, ambao huwameza wazima, kisha mifupa na manyoya huyatapika yamefungamana kama donge. Chukua donge moja lililoanguka chini ya dohani, liloweke majini, ulipasue kwa kijiti. Utaona mafuvu ya panya, mara nyingi matatu au manne katika donge moja. Walimu wa shule za msingi wangefanya vema kuwaonyesha watoto jambo hili, maana mtoto aliyehesabu mafuvu hayo kwa mkono wake hatampiga bundi kwa manati.

Najua kwamba wengi watasema, "Lakini bundi huleta kifo." Wazee wetu walisema hivyo, watu wa pwani husema hivyo, na hata Ulaya usemi huo ulikuwako. Mimi nadhani sababu yake ni hii: zamani nyumba iliyokuwa na mgonjwa ndiyo peke yake iliyowaka taa hadi alfajiri. Watu wakeshao hula, na walapo huangusha makombo. Makombo huvuta panya, na panya humvuta bundi. Akaja, akalia. Mgonjwa alipofariki, aliyelia ndiye aliyelaumiwa.

Neno moja juu ya sumu. Sumu nyingi za panya ziuzwazo madukani haziui papo hapo. Panya huila, hutembea siku kadhaa akilegea, na katika kulegea huko ndipo akamatwapo kwa urahisi na bundi, na paka, na kanu. Sumu ikahamia kwao. Panya huzaa upesi kuliko hao wote, kwa hiyo baada ya muda panya hurudi, lakini wale waliokuwa wakiwala hawarudi upesi. Mitego ni bora, na bora zaidi ni ghala lenye miguu iliyovishwa vikombe vya bati.

KABLA YA MSUMARI WA KWANZA

Baada ya kosa lile tulijifunza kazi kwa mpango mwingine. Jioni mbili mfululizo, tangu saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu, tulikaa nje watu wanne, kila mmoja upande wake wa nyumba, na daftari mkononi. Kila kilichotoka tundu fulani kiliandikwa: nini, wangapi, saa ngapi. Alfajiri tulifanya hivyo tena ili kuona warudio. Ndani tulinyunyiza majivu juu ya sakafu na kusoma nyayo asubuhi. Kinyesi nacho husema. Cha panya ni kigumu; cha popo alaye wadudu huvunjika kikawa vumbi ukikisugua kwa kijiti, na ndani yake humeta vipande vya mabawa ya wadudu. Perere, mnyama mdogo wa mitini alaliaye usiku kwa sauti ya kutisha kuliko umbo lake, huweka kinyesi chake chungu moja mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. (Hayo ndiyo yaliyokuwa makelele ya babu. Wataalamu husema kwamba jamaa za perere walio hai, pamoja na nguva, ni tembo; ukimwona utafikiri wanakutania.)

Ukishajua mwenye tundu, ndipo uchague wakati. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi usiokuwa na mvua kabisa. Miezi iliyo mikavu kidogo ni kutoka Desemba hadi mwanzo wa Machi, nayo ndiyo ya kufungua paa. Kwa bahati njema miezi hiyo hufaa pia kwa wale wa darini, maana popo wengi huzaa mvua zianzapo, wakati wadudu wajaapo. Lakini usitegemee kalenda peke yake. Panda ngazi, utazame kwa tochi kama kuna watoto.

PAA NA MVUA YA MAWE

Paa la huku lina adui ambaye paa la Mombasa halimjui. Milima ya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zipatazo mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Iko miaka ambayo ziliandikwa zaidi ya siku 100 zenye mawe. Katika miaka ya 1960 ulifanywa hata jaribio la kuyavunja mawe hayo angani kwa kurusha makombora juu ya mashamba ya chai. Na mwaka 1982 wataalamu walitoa fikira ya ajabu, kwamba mavumbi ya majani ya chai yaliyooza chini ya michai, yakiinuliwa na miguu ya wachumaji, huenda husaidia barafu kuganda mawinguni. Kama ni kweli, basi chai hujiletea yenyewe mawe yanayoipiga.

Kwa ajili hiyo usiyatupe ovyo mabati ya zamani. Mengi ni mazito kuliko ya leo. Kilichochakaa kwanza aghalabu ni misumari, ambayo hulegea na kuacha tundu linalopanuka; ingoe moja moja, uweke mingine yenye kofia na kizibo cha mpira. Ukilazimika kununua mabati mapya, taka ya geji 28. Ile ya 30 na 32 ni nyembamba zaidi, ingawa namba yake ni kubwa, na wauzaji wengine hufurahi mnunuzi asipojua hilo.

Kama paa si la bati bali ni la vigae vya kijivu, vigumu kama saruji nyembamba, simama hapo kwanza. Huenda ni asibesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa miaka mingi baadaye, hata saratani. Usiivunje, usiitoboe, wala usiifagie. Kazi hiyo ni ya watu wenye kibali cha NEMA. Rangi kuukuu ya milango na madirisha nayo mara nyingi ina risasi, kwa hiyo usiichome wala usiisugue kavu watoto wakiwapo. Iloweshe kwanza.

POPO

Darini mwa mjomba walitoka popo zaidi ya mia mbili kwa jioni moja, wote kwa ufa mmoja usiozidi upana wa vidole viwili. Hao walikuwa popo wadogo walao wadudu, na kila mmoja hula wadudu wengi sana kwa usiku. Mtu akaaye karibu na zizi hawachukii. Walakini hawafai kukaa juu ya kitanda cha mtu, kwa sababu kinyesi chao huozesha mbao, na katika kinyesi kikuukuu huota ukungu ambao vumbi lake laweza kumdhuru mwenye kulivuta.

Kuwatoa si kazi ya moto wala moshi. Ngoja mpaka watoto wao wawe wanaruka. Kisha ziba nyufa zote ndogo, ukiacha lile tundu kuu. Juu ya tundu hilo tundika wavu mwepesi, umefungwa juu na pembeni, huku upande wa chini ukining'inia wazi kiasi cha urefu wa mkono. Popo atokaye huteleza chini ya wavu akaruka. Arudipo hutua palepale penye tundu, asijue njia ya kupenya. Acha hivyo siku saba. Jioni ya mwisho hesabu tena. Kama hatoki hata mmoja, ondoa wavu, uzibe kwa ubao na chokaa. Sisi tuliwatengenezea kwanza sanduku bapa la mbao lisiloparazwa, tukalitundika upande wa mashariki wa zizi. Mwaka wa kwanza halikuingia kitu. Wa pili tuliona madoa ya kinyesi chini yake.

Kinyesi kilichobaki darini kinyunyizie maji kwanza hadi kilowe, jifunge barakoa na glavu, kisha kikusanye kwa koleo. Usikifagie kikavu.

Wapo watakaokumbuka habari za homa ya Marburg, na kuuliza kama popo hawa si wale. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa amezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon alikufa Nairobi kwa homa hiyo, na mwaka 1987 akafa kijana mmoja aliyekuwa amezuru pango lilo hilo. Baadaye ilijulikana kwamba popo abebaye virusi hivyo ni wa aina kubwa, alaye matunda na kukaa mapangoni kwa maelfu. Yule mdogo wa darini ni wa jamii nyingine. Hata hivyo popo yeyote asishikwe kwa mkono mtupu, na atakayeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

NYUKI UKUTANI

Katikati ya ukuta wa mbao wa nje na ule wa ndani mna nafasi ya giza na vuguvugu, na nyuki wetu huipenda kuliko mzinga. Hapo ndipo nyumba nyingi hupotea. Mtu huchoma tambara lenye mafuta ya taa, huliingiza ukutani usiku, na mtarakwa mkavu wa miaka sabini huwaka kama njiti. Wengine hupuliza dawa ya wadudu na kuziba tundu. Nyuki hufa, lakini masega hubaki: asali hupata joto, hutiririka, hupenya mbao za ndani, huvuta sisimizi na panya, na harufu yake huwaita nyuki wengine msimu ujao.

Mwite mrina asali. Wakipsigis ni wafugaji nyuki tangu kale, na katika kila kijiji hapakosi mzee mmoja mwenye mizinga ya magogo. Huja jioni, nyuki wakiwa wametulia, huondoa mbao mbili tatu, huwafukizia moshi kidogo, hukata masega na kuyaweka katika mzinga, na akimpata malkia wengine humfuata. Asali ni malipo yake, usimnyime. Siku hiyo watoto, mbwa aliyefungwa, na ndama wapelekwe mbali, na mtu ajuaye kwamba nyuki humvimbisha mwili wote asikaribie kabisa. Baada ya hapo kuta zikwanguliwe nta, na ile nafasi ijazwe au izibwe kwa wavu wa waya, la sivyo watarudi.

CHINI YA SAKAFU

Nyumba nyingi za namna hii zimeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, na kati ya jiwe na boriti pana kipande cha bati kilichotokeza pande zote. Mafundi wasiojua hukiona ni takataka wakakikata. Kimewekwa kuzuia mchwa, ambao hawawezi kupanda bila kujenga njia yao ya udongo kando ya bati hilo, mahali pa kuonekana. Kiache, na kila mwezi uingize kichwa na tochi kutazama. Vilevile usizibe nafasi ile ya chini kwa mawe na saruji, kwani upepo upitao humo ndio ukaushao mbao. Weka wavu wa waya. Na kama kuta zilijengwa kwa chokaa, zipige lipu ya chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani na ukuta huoza pasipo kuonekana.

Humo chini ndimo ukutanamo na nyoka. Aliye wa kawaida ni mwembamba, wa rangi ya hudhurungi, mwenye mistari myeupe kando ya kichwa. Hana sumu, na alichofuata ni panya. Lakini yuko kifutu pia, mnene, mvivu, asiyekimbia mtu akaribiapo, na yuko swila. Kwa hiyo vaa viatu virefu, piga kelele, vuta mbao kuukuu kwa reki ndefu, usiingize mkono usipoona. Akiumwa mtu, msichanje wala msifunge kamba ya kukaza; mvueni pete na bangili, mtulizeni asitembee, mpelekeni hospitali upesi.

Siafu watakuja siku moja, hasa mvua ikianza. Watu wa mjini huwakimbilia na mafuta ya taa. Mke wa mjomba huchukua mtoto mchanga, kuku na ndama, hutoka, akawaachia nyumba. Kesho yake hakuna mende, wala kunguni, wala mtoto wa panya aliyebaki hai. Nimeona jambo hili mara mbili, nami sijapata kuona dawa ya dukani ifanyayo vile.

MITI NA NYAYA

Viota vya udongo vilivyo chini ya paa la baraza ni vya mbayuwayu wa hapa hapa. Wale watokao Ulaya, ambao huwa tele kuanzia Oktoba hadi Aprili, hawajengi kwetu. Kinyesi chao sakafuni huudhi. Ubao mdogo uliopigiliwa chini ya kiota hutosha.

Mbega ni jambo jingine. Huyu kima mkubwa mweusi mwenye joho jeupe bado yumo katika misitu ya mitoni iliyoachwa kati ya mashamba ya chai, na katika bustani ya miti ya Chagaik, karibu na mji wa Kericho. Hula majani, hana kidole gumba, na mara chache hukanyaga chini. Mwenye nyumba akikata miti iliyounganisha msitu na msitu, kisha akavuta umeme, mbega hutumia waya kuwa tawi. Huungua. Huko Diani, pwani, ambako mbega wengi walikufa kwa umeme na magari, tangu mwaka 1997 watu wa hifadhi yao wamekuwa wakitundika madaraja ya kamba juu ya barabara na kukata matawi yaliyo karibu na nyaya. Hapa kwetu yatosha kuacha mstari mmoja wa miti mbali na paa, na kuomba nyaya zilizovikwa mpira. Ngedere na kima walao ugali wa watu ni wengine. Kwao dawa ni mlango wa jiko ufungwao na jaa lenye mfuniko.

Na ieleweke kwamba uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 humlinda mnyama wa porini hata akiwa darini mwako. Usipoweza kumtoa wewe, wako maofisa wa KWS.

Nyumba ya mjomba sasa ina moto katika dohani. Kabla ya kuuwasha tulimtengenezea bundi mahali pengine: sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 40, na kimo 45, na tundu la mraba la sentimita 13 juu upande mmoja, ili makinda yasianguke mapema. Ndani tulitia maranda ya mbao. Tulilipigilia chini ya pembe ya paa la ghala, mita nne kutoka ardhini, mbali na njia ya paka, na nyuma yake tuliweka kijilango cha kusafishia. Lilikaa tupu mwaka mzima na miezi mitatu. Mwezi wa nne mke wa mjomba alikuja kuniamsha usiku, akanivuta mkono hadi nje, akanyosha kidole kuelekea ghala, akaniambia nisikilize.